Sura ya Nne: Kusini ya Nani?

Kabla ya kugusa mashine yoyote, Inspekta Bernadeta Chilumba aliomba aonyeshwe tende.

"Tende?" Jawad aliuliza. Alikuwa meneja wa vipindi wa Rihani FM, kijana wa miaka thelathini na ushei, shati limenyooka, na alikuwa amejiandaa kwa maswali ya kompyuta.

"Tende aliyokuwa ameishika huyu binti juzi. Na kikombe. Nataka kila kitu kikae kama kilivyokaa Jumanne jioni."

Shaima Mfaume, mwenye zamu ya jioni, akakaa kwenye kiti chake cha studio. Tende haikuwepo tena, kwa hiyo alishika kifuniko cha kalamu mkono wa kulia na kikombe cha maji mkono wa kushoto. Kitufe cha kurushia sauti, kilichokuwa kimezimwa kwa muda, kilikuwa mbele yake, mbali kidogo, mpaka anyooshe mkono.

"Ukabonyeza na nini?"

"Sijabonyeza, afande. Adhana ilikuwaga inatoka yenyewe, kompyuta ndiyo inaitoa. Mie niliisikia kama alivyoisikia mtu yeyote, nikatia tende mdomoni."

"Ukala?"

"Nikala. Na funga yangu ikaenda siku ile, kama ya wenzangu."

Bernadeta akamwondoa kitini, akakaa yeye, akashika kikombe na kifuniko, akajaribu kubonyeza kwa kiwiko. Mara ya kwanza alikosa. Mara ya pili alikipata, na maji yakamwagikia sketi yake ya kazi. Ndivyo alivyokuwa: ukimweleza jambo atakukubalia, kisha atalijaribu.

"Angeweza kuweka kikombe chini," Jawad alisema.

"Angeweza," Bernadeta alikubali, akijifuta.

Redio yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vyombo la Mzee Zahor, mwenye redio, hapo Temeke, duka lililofunguliwa na babu yake. Jumanne ile, katikati ya mwezi wa Ramadhani, adhana ya magharibi ilirushwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano badala ya thelathini na nane. Kuanzia Buguruni mpaka Kawe, watu waliokuwa wameitegea sikio Rihani FM wakafuturu. Baada ya hapo ndipo misikiti ilipoanza kuadhini, na simu za redio zikaanza kulia.

Bernadeta alikuwa Mkatoliki, mtu wa Newala, na hakuona aibu kuuliza asichokijua. "Mzee wangu, nisamehe. Ni dakika tatu tu."

Mzee Zahor alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakukasirika. "Mama, dakika tatu ni siku nzima. Aliyekula kabla ya jua kuzama, hata kama ameponzwa na redio, siku ile aifunge upya baada ya Idi. Wamo wazee wenye sukari. Wamo wanaonyonyesha. Walituamini sisi, wakaacha kutazama jua."

Kwenye meza ya studio palikuwa na karatasi moja iliyochapwa vizuri. Ilikuwa tamko la redio, na lingesomwa hewani jioni hiyo ya Alhamisi kabla ya adhana. Lilisema mtumishi aitwaye Shaima Mfaume, mkazi wa Buguruni, aliirusha adhana kwa mkono kabla ya wakati, na kwamba jina lake limefikishwa polisi. Jawad ndiye aliyeliandika. Saa ya ukutani ilisema saa kumi na robo.

"Likishasomwa hilo, sina pa kuishi," Shaima alisema kwa sauti ndogo. "Habari zilishavuja tangu jana. Mama kila siku anapeleka futari kwa majirani, sie ndivyo tulivyozoea. Jana sahani zote nne zimerudi, kawa hazijafunuliwa."

Bernadeta alimtazama yule binti, akamwonea huruma, kisha akaomba apelekwe kwenye seva.

Chumba cha seva kilikuwa stoo ya zamani, kinatosha watu wawili wakibanana. Mzee Zahor alikuwa amekitia kufuli Jumanne ileile na ufunguo ukalala mfukoni mwa kanzu yake. Waya wa mtandao aliamuru uchomolewe. Tangu hapo adhana ilikuwa ikirushwa kwa mkono na Jawad, saa ya simu mbele yake.

"Mie nilisema tuiwashe upya tu, Ami," Jawad alimwambia mzee, ndugu wa baba yake. "Mashine ikichoka inazimwa, inawashwa."

"Na mimi nikasema isiguswe mpaka afande aje."

Sasa mzee alikifungua, na wa kwanza kuingia alikuwa Albano, fundi wa mitambo, mtu wa Masasi mwenye mikono mipana aliyorithi kwa baba mchonga vinyago. Alimwamkia Bernadeta, akamsogezea kiti cha plastiki. Bernadeta akaanza na jepesi: saa ya mashine na saa ya simu yake. Zilikuwa sawa mpaka kwenye sekunde. Akaomba faili la ratiba. Albano akalifungua mbele yake. Jumanne, magharibi: 18:38, ndiyo saa kumi na mbili na dakika thelathini na nane. Sahihi kabisa.

"Usiku ule sote watatu tulilisoma hivihivi," Albano alisema. "Mzee, Jawad na mie. Ndiyo tukasema, kama ratiba iko sawa na saa iko sawa, basi ni mkono wa mtu."

"Anayeisoma ratiba ili adhana itoke ni nani?"

"Programu ya adhana."

"Na yenyewe inaisoma kutokea hapa tulipokaa?"

Albano akakuna shingo. "Hapana. Afande, umewahi kuishi nyumba ya kupanga?"

"Miaka sita, Mtoni."

"Basi mashine hii ni nyumba ya kupanga. Kuna korido, ndiko tuliko sie. Halafu kuna vyumba. Programu ya adhana ni mpangaji, imefungiwa chumba chake: mafaili yake, mtandao wake, mpaka jina la mashine ina la kwake. Haijui kama kuna mpangaji mwingine. Inadhani nyumba nzima ni yake."

"Na mwenye nyumba akitaka kuingia?"

"Kuna amri." Akaiandika polepole kwenye skrini nyeusi: nsenter. "Unaitajia namba ya mpangaji, wetu ni 2417. Unaiambia unataka kupita kuta zipi. Halafu programu yoyote utakayoitaja inaendeshwa mle ndani, inaona anachoona mpangaji."

"Juzi uliingia?"

"Niliingia. Mbele yao." Albano akabonyeza kishale cha juu, akairudisha amri aliyoiandika Jumanne. Bernadeta akainama, miwani puani. Mwisho wa mstari kulikuwa na kistari na herufi moja, n.

"Hiyo n ndiyo nini?"

"Ni ukuta wa mtandao. Nilidhani labda kuna mtu katuingilia kwa nje, nikataka kuona anazungumza na nani. Hakukuwa na kitu."

"Kwa hiyo ukapita ukuta wa mtandao. Na wa mafaili?"

Albano akaisoma tena amri yake. Mzee Zahor, aliyekuwa nje koridoni pamoja na Jawad, alichungulia kuona kuna nini.

"Wa mafaili sikuupita," Albano alisema. "Nilikuwa kwenye mtandao wake, lakini mafaili niliyosoma yalikuwa ya huku koridoni. Afande, mie juzi niliingia nusu."

"Sasa ingia mzima."

"Lakini faili la ratiba ni moja tu. Liko huku, na chumbani nimelipitisha kama dirisha, linaonekana pande zote. Tena nimelifunga, huko ndani halihaririwi."

"Sawa. Ingia tuone dirisha."

Safari hii Albano aliandika m badala ya n, na kuomba kitu kimoja tu: lifunguliwe faili lilelile, kwa jina lilelile. Tarakimu zikashuka. Bernadeta akaweka kidole kwenye Jumanne.

18:35.

Albano akalifungua tena la nje: 18:38. La ndani: 18:35. Jina moja, njia moja, mashine moja, na habari mbili. Bernadeta alifurahi waziwazi, akapiga picha skrini na simu yake kutoka pembe tatu.

"Kuna mtu ametundika pazia dirishani," alisema. "Tena kwa ndani."

Hapo umeme ukakatika.

Feni ilisimama, na kijisanduku cha betri chini ya meza kikaanza kulia. Koridoni Jawad alisema kwa haraka, "Izimeni vizuri kabla haijajizima vibaya, itaharibika!"

"Usizime," Bernadeta alisema.

"Siizimi, ndiyo," Albano alinong'ona. "Kilichotundikwa mle kinaishi na programu. Ikifa, pazia linaanguka, na hakuna atakayejua lilikuwepo. UPS ina dakika ishirini."

"Jenereta?"

"Iko nyuma ya duka."

"Mzee wangu, naomba jenereta."

Mzee Zahor akashuka ngazi kwa kasi ambayo haikutarajiwa kwa umri wake.

Walifanya kazi kwa mwanga wa skrini. Albano alizisoma tarakimu za ndani siku baada ya siku, na sauti yake ikazidi kupungua. "Hizi nazijua. Hizi ni nyakati za Mtwara. Kule jua linatangulia kuzama, kwa siku hizi ni kama dakika tatu. Niliandaa ratiba yao mwenyewe, kwa ajili ya mnara mpya tutakaouwasha baada ya Idi."

"Uliipa jina gani?"

"Ratiba ya kusini. Iko folda hiyohiyo."

Bernadeta hakupenda pale maneno yalipokuwa yanaelekea. Faili la kusini, fundi wa kusini, na fundi huyo ndiye mwenye mamlaka ya mashine. Yeye mwenyewe kwao ni kulekule, na kama angemwacha mtu wa kwao bila kumhoji angejidharau.

"Mtu akiingia mle ndani, anaacha nyayo?"

"Akifungua skrini ya amri mle, alichoandika kinahifadhiwa mlemle. Huku koridoni hakionekani."

"Tafuta."

Kulikuwa na faili dogo la kumbukumbu. Kabla ya kulifungua, Bernadeta alitaka tarehe yake. Albano akakiuliza chumba, na chumba kikajibu: Jumanne, 11:40.

"Saa tano na dakika arobaini asubuhi," Bernadeta alisoma kwa sauti. "Jumanne saa tano na dakika arobaini nani alikuwa humu?"

"Albano," Jawad alijibu kutoka koridoni, upesi mno. "Alikuwa humu toka saa mbili. Na faili ni la kwao. Mie sikutaka kusema."

Albano aliiacha kibodi. "Nilikuwepo," alisema. "Ni kweli, nilikuwepo. Lakini sikufanya."

Chini jenereta ikanguruma, taa zikarudi, na kijisanduku kikanyamaza. Mzee Zahor akapanda ngazi akihema. Bernadeta hakugeuka. Alikuwa akiitazama ile 11:40 kama mtu anayetazama kiatu kisichomtosha mguu.

"Albano, chumba hiki nacho kina ukuta wa saa?"

"Saa ni moja, ya mashine."

"Kiulize ni saa ngapi sasa hivi."

Akaandika date, iendeshwe ndani. Jibu: 13:52. Bernadeta akageuza simu yake, wote wakaiona: 16:52, saa kumi na dakika hamsini na mbili jioni.

"Lo!" Albano alipiga kofi paja lake. "Chumba kinafuata majira ya Greenwich. Ukikijenga kinakuja hivyo. Programu ya adhana nimeiambia yenyewe kwamba tuko Dar, inajua. Chumba hakijui. Kila saa inayosomwa mle iko nyuma saa tatu."

"Kwa hiyo 11:40 ya chumbani, huku kwetu ni saa nane na dakika arobaini mchana. Saa nane na dakika arobaini ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa Kimara, juu ya mnara."

"Nani alikuona?"

"Mie," alisema Mzee Zahor. "Nilimpeleka na gari langu. Tuliondoka saa saba baada ya adhuhuri, tukarudi alasiri imekwisha."

"Na Shaima anaingia kazini saa ngapi?"

"Saa kumi."

Bernadeta akafungua lile faili dogo. Lilikuwa na mistari mitatu tu. Wa kwanza, mtu ameingia kwenye folda ya adhana. Wa pili, amenakili ratiba ya kusini na kuipa jina jipya. Wa tatu, ameitundika nakala hiyo juu ya ratiba ya Dar. Bernadeta aliusoma wa pili mara mbili, akaupiga picha, kisha akaigeuza skrini ikatazama ukuta.

Alitoka koridoni akijinyoosha mgongo, mtu aliyechoka na kazi. Shaima alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na ngazi.

"Naomba kuuliza jambo la kijinga," Bernadeta alisema. "Albano, mtu akikwambia kusini, unaelewa wapi?"

"Kwetu," Albano alijibu kutoka ndani. "Mtwara, Lindi, Masasi. Kwenu pia, afande."

"Shaima?"

"Mtwara. Si ndiko korosho zinakotoka?"

"Jawad?"

"Kusini?" Jawad aliinua mabega. "Si kwa shangazi. Kizimkazi, Makunduchi huko."

"Kusini ya Unguja."

"Ndiyo. Sie kwetu kusini ni hiyo."

Bernadeta akaingia ndani, akaigeuza skrini itazame mlango, akasogea pembeni ili mzee aone. Mstari wa pili ulisomeka hivi: cp ratiba_kusini.csv /tmp/kizimkazi.csv.

"Aliyeingia Jumanne mchana aliliona faili la kusini," alisema, "akaliita Kizimkazi. Albano asingeweza kukosea hivyo hata usingizini. Faili alilitengeneza mwenyewe, na kusini yake haina bahari katikati. Jawad, kusini hii ya nani?"

Mzee Zahor alisoma neno lile, akaendelea kulitazama. Jawad alitafuta ukuta kwa mgongo wake.

"Shangazi Bahiya alipiga simu Jumapili," alisema hatimaye, na hakuwa akimjibu Bernadeta, alikuwa akimjibu mzee. "Akasema redio yetu inaachwa dakika nzima na msikiti wao, wanamcheka. Wewe Ami ukakasirika, ukasema mpaka lini. Nikaona faili limeandikwa kusini. Nikasema nijaribu siku moja, kimyakimya, kwa amri nilizomwona Albano akiziandika, nikiwasha upya linatoka lenyewe. La nje ningelibadili ungeliona, unalisomaga kila asubuhi."

"Hukulifungua ukazitazama saa zake?" Bernadeta aliuliza.

"Niliamini jina. Nilijua Kizimkazi wanatutangulia dakika moja tu, na ratiba yetu ina dakika mbili za tahadhari baada ya jua kuzama. Moja isingemharibia mtu."

"Ukakata tatu."

Jawad akainamisha kichwa. "Simu zilipoanza kulia nikajua. Lakini chumba kimeshafungwa. Wote wakaliona la nje liko sawa, na mie nikaliona liko sawa. Kilichobaki ni kitufe."

"Kilichobaki ni Shaima," Bernadeta alisema. Alikasirika, na hakujaribu kuficha. "Kosa la Jumanne ningelielewa, ulichanganya kusini na kusini. Lakini Jumatano uliamka, ukakaa, ukalichapa jina la binti wa watu. Hilo hukuchanganya. Kesho saa tatu asubuhi uko kituoni kwangu na maelezo yako."

Shaima alikuwa amesimama. Hakulia wala hakupiga kelele. "Nilikuuliza, braza Jawad," alisema. "Jumatano nilikuuliza, una uhakika ni mie? Ukaniambia una uhakika."

Mzee Zahor alikwenda studio, akachukua lile tamko, akaligeuza upande mweupe. Aliomba kalamu. Alikaa nalo zaidi ya saa nzima, akiandika, akikata, akiandika. Bernadeta angeweza kuondoka, ukweli alikuwa nao na picha alikuwa nazo, lakini alikaa. Alitaka kujua mzee ataandika nini, na hilo halikuwa swali la kipolisi.

Saa kumi na mbili na dakika thelathini na tano kamili mzee akafunguliwa kipaza sauti.

"Mimi ni Zahor, mwenye redio hii," alisema. "Jumanne niliwafuturisha kabla ya wakati. Kosa limetoka nyumbani kwangu, kwa mtoto wa ndugu yangu, na limeanzia mdomoni mwangu mimi, niliyeona haya kuachwa dakika moja. Shaima binti Mfaume wa Buguruni hakugusa kitu. Alisingiziwa. Aliponzwa kama nyinyi, na atailipa siku yake kama nyinyi, na mimi nitaifunga pamoja naye. Wale majirani zake wanaorudisha sahani, nawaomba kwa heshima ya mwezi huu, mpokeeni mama yake."

Akaendelea, bila haraka, akiwataja wenye sukari na wanaonyonyesha, akiomba radhi kwa kila kundi. Saa ya ukutani ilipofika thelathini na nane kasoro sekunde chache alinyamaza. Alizimaliza dakika zote tatu.

Kisha akampisha Shaima kitini.

Shaima aliitazama saa ya ukutani, akaitazama ya simu, akainua macho dirishani, huko juu ya mabati ya Temeke ambako jua lilikuwa limekwisha kuondoka. Tende ilikuwa mezani, haijaguswa. Akanyoosha mkono, na mara hii kweli akabonyeza.